Wakuu, nikeli-titani yangu ya kwenye kompyuta inageuka kelvini 245 na kurudi 430. Kosa liko wapi?

#1 Fuwele_Baridi
Habari za leo wakuu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, naandika tasnifu juu ya aloi zenye kumbukumbu ya umbo, nikeli na titani nusu kwa nusu. Sina tanuru wala mashine ya kupimia joto. Nina kompyuta na LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa atomu, basi. Nimejenga kisanduku cha fuwele ya B2, ule mpangilio wa mchemraba wa atomu zikiwa za moto, seli 20 kila upande, jumla atomu 16,000. Pande zote zinajirudia zenyewe, kwa hiyo hakuna uso. Nilianzia kelvini 500, nikapoza hadi 100 kwa mwendo wa kelvini moja kila pikosekunde, kisha nikapasha kurudi nilikotoka.

Kufika 245 kisanduku kikaruka. Upande mmoja ukarefuka, mwingine ukafupika, ujazo haukubadilika sana. Martensaiti, ile fuwele ya baridi! Nilifurahi hadi nikamwamsha mwenzangu wa chumbani. Lakini katika kupasha haikurudi mpaka 430. Pengo la kelvini 185. Vitabu vinasema aloi ya nusu kwa nusu huanza kugeuka karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, yaani kelvini 333 hivi, na pengo la kwenda na kurudi ni 30 hadi 50. Msimamizi kaniuliza neno moja tu: "Kwa nini?" Wiki mbili sasa nimekaa nalo. Potensho, yaani kanuni ya jinsi atomu zinavyovutana na kusukumana, ni ya aina ya MEAM, nimepewa, sikuitengeneza mimi.

#2 NanosekundeMoja
Karibu kwenye ugonjwa wa sote. Jibu ni kasi ya kupoza. Kelvini moja kwa pikosekunde ni kelvini trilioni moja kwa sekunde. Maabara wanapoza nyuzi 10 kwa dakika. Ukitaka kuwafuata, hizo kelvini 400 zako zitachukua dakika 40. Kila hatua ya uigaji ni femtosekunde moja, sehemu ya elfu ya pikosekunde, kwa hiyo unahitaji hatua 2.4 × 10^18. Mashine ikikupa hatua milioni moja kwa siku, utamaliza baada ya miaka bilioni 6.6. Dunia yenyewe ina bilioni 4.5. Fuwele yako haipewi nafasi ya kugeuka kwa wakati wake, inashtukizwa.

#3 Mhunzi wa Gerezani
Naweka kambi hapa. Mimi ni fundi, nachomelea na kunyoosha vyuma, na nimeona miwani ambayo fremu yake ukiikunja inarudi yenyewe. Kabla hamjaenda mbali na namba zenu, mtu anieleze kwa lugha ya karakana: chuma kinakumbukaje?

#4 Ukindu
Fundi, chukua mkeka. Shika kona mbili zinazotazamana, vuta. Vile vimiraba vya ukindu vinalala upande, vinakuwa kama almasi. Lakini angalia vizuri: hakuna ukindu uliohama. Uliopita chini ya jirani yake bado uko chini ya jirani yuleyule. Vuta kona zile nyingine mbili, mkeka unarudi mraba.

Atomu za nikeli-titani ndivyo zilivyo. Zikiwa za moto zimesimama kimraba, tunaita ostenaiti. Zikipoa zinalala, tunaita martensaiti. Sasa, waya mzima hauwezi kulala upande mmoja maana umezungukwa na majirani, kwa hiyo sehemu hii inalala kulia, inayofuata kushoto, zigizaga. Ndio mapacha hao. Kwa nje huoni tofauti. Ukiukunja waya ukiwa baridi, waliolala kushoto unawageuzia kulia, waya unapinda. Ukiupasha, wote wanasimama. Na kusimama kuna namna moja tu, ndiyo maana unarudi umbo lake. Kulala kuna namna nyingi, kusimama moja.

#5 Mhunzi wa Gerezani
Hapo umenena dada. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, nimeelewa kwa mara moja. Endeleeni.

#6 Mzee wa Tanuru
Mfano wa #4 ni mzuri, niuongezee kitu kimoja. Mkeka ni bapa. Katika nikeli-titani safu za atomu hazilali tu, pia zinasogea kidogo, moja kwenda huku na ya pili kule, ndani ya seli ileile. Bila msogeo huo hupati B19', ile martensaiti yenye pembe ya karibu nyuzi 98. Kulala na kusogea huenda pamoja, na hapo ndipo potensho nyingi hushindwa.

#7 binti_Eldoret
Shikamoo mzee #6. Kwa mleta uzi: kabla ya falsafa, naomba mstari wako wa barostati, ule unaodhibiti shinikizo na kuamua kisanduku kinavyoruhusiwa kubadilika. Umeandika iso, aniso au tri?

#8 KomaKelvini
NanosekundeMoja, hesabu yako ni nzuri lakini hoja siikubali. Mabadiliko ya martensaiti hayangoji atomu zitembee kutoka hapa kwenda pale. Zinasogea chini ya upana wa atomu moja, kwa pamoja, kwa mwendo unaokaribia wa sauti ndani ya chuma. Kwenye chuma cha pua au nikeli-titani, kinachoamua kiasi kilichogeuka ni joto ulilofika, si muda uliokaa. Mwaka jana nilipoza kisanduku kama chake mara kumi polepole zaidi: joto la kugeuka lilipanda kelvini 6. Mara mia: likapanda nyingine 4. Kwa mwendo huo huwezi kufika 333 hata ukirithisha kazi kwa wajukuu.

#9 NanosekundeMoja
#8 sita na nne zako ni za kisanduku kikamilifu kisicho na kasoro. Kasi na kasoro zinakula sahani moja. Huwezi kupima moja ukiwa umefunga nyingine.

#10 KomaKelvini
Basi tatizo si kasi, ni ukamilifu wa fuwele! Ndicho ninachosema. Waya wa kweli una mipaka ya punje, una dislokesheni (kasoro za mistari ya atomu), una mabaki ya karabaidi. Martensaiti huanzia pale palipo dhaifu. Kisanduku cha mleta uzi hakina pa kuanzia, kwa hiyo ostenaiti inapoa kupita kiasi hadi mtetemo wenyewe uiangushe. Na kurudi ni vilevile: martensaiti safi inapashwa kupita kiasi. Pengo linapanuka pande zote mbili. Maji safi kabisa ndani ya chupa laini nayo hukataa kuganda kwenye sifuri.

#11 Fuwele_Baridi
Asanteni sana. Da binti_Eldoret, niliandika aniso. Kuna shida?

#12 binti_Eldoret
Ipo, na ni ya wengi. Aniso inaruhusu urefu wa pande tatu ubadilike kila mmoja kivyake, lakini pembe zinabaki 90. Martensaiti yako inataka pembe ya 98. Umeifungia mlango. Kwa kuwa haiwezi kuinamisha kisanduku, inajigawa: nusu inalala kulia, nusu kushoto, jumla inakuwa wima. Fungua picha ndani ya OVITO, programu ya kutazamia atomu, nina hakika utakuta mapacha mawili au manne yamepangana. Jenga kisanduku cha mshazari tangu mwanzo, tumia tri inayoruhusu na pembe zibadilike, rudia.

Haya nilifundishwa na mwenzangu kwenye ASESMA, shule ya Afrika ya hesabu za elektroni, ilipokuja Eldoret 2012. Nilikuwa nimepoteza miezi miwili kwa neno hilo moja.

#13 Mpwa wa Archimedes
Hebu tupige hesabu ya mtaani. Mleta uzi, jumlisha 245 na 430, gawa kwa mbili: 337.5. Maabara 333! Kanuni ya zamani ya wataalamu wa metali ni kwamba joto la usawa, pale fazi mbili zinapokuwa na nishati huru sawa, liko katikati ya mwanzo wa kwenda na mwisho wa kurudi. Kwa hiyo potensho yako ni sahihi, na kilichozidi ni kizuizi tu cha kuvuka. Mwandikie msimamizi hivyo, ulale.

#14 KomaKelvini
Usilale. Unalinganisha joto la katikati la kompyuta na joto la *kuanza kwenda* la maabara. Ukitaka haki, chukua katikati ya maabara pia, na hiyo iko juu ya 333, kwa sababu waya wa kweli unamaliza kurudi juu zaidi. Halafu katikati ni halali ikiwa kizuizi cha kwenda na cha kurudi vinalingana. Nani kakuambia vinalingana?

#15 Mpwa wa Archimedes
Naupokea usahihisho wa kwanza. Wa pili naubishia: mpaka mtu apime vizuizi viwili, katikati ndiyo makisio bora tuliyo nayo.

#16 Daktari wa Waya
Samahani kuingilia, mimi ni wa kliniki ya meno, Tanga. Waya hizi ndizo chakula changu cha kila siku. Tunazo zenye shaba kidogo, zinauzwa kwa joto la kumaliza kurudi: nyuzi 27, 35 na 40. Mtoto akinywa juisi ya barafu waya unalegea, akinywa chai unakaza, na wagonjwa wanalieleza vizuri kuliko kitabu. Swali langu: kiwanda kinawezaje kulenga 35 badala ya 40 wakati nyinyi mmekosea kwa mia nzima?

#17 Mzee wa Tanuru
Daktari, swali lako limenifurahisha. Kiwanda hakipigi hesabu kutoka kwenye atomu. Kinayeyusha, kinapima, kinapasha tena kwenye nyuzi 400 au 500 kwa dakika kadhaa, kinapima, hadi kifike. Siri ni mchanganyiko. Nikeli ikizidi nusu, kila sehemu moja ya kumi ya asilimia ya atomu inashusha joto la kugeuka kwa nyuzi 10 au zaidi. Kutoka 50 hadi 51 kwa mia unashuka zaidi ya nyuzi mia. Upande wa titani kuzidi hakubadiliki kitu cha maana.

Nilisomea metalajia Freiberg, Ujerumani, miaka ya 1980, na tuliyeyusha vijiti vya aloi hii kwa tao la umeme ndani ya ombwe. Titani ina uchu: inadaka oksijeni na kaboni popote. Ikishika kaboni inakuwa karabaidi ya titani, ikishika oksijeni inatengeneza kiwanja chenye titani nyingi. Titani hiyo imetoka kwenye aloi! Kilichobaki kimezidi nikeli bila wewe kujua, na joto linashuka. Kwa hiyo mwanangu Fuwele_Baridi, ile 333 ni ya kipande fulani kilichoyeyushwa kwenye chungu fulani. Nimepima vijiti viwili vya mzani uleule vikatofautiana nyuzi 20.

#18 Fuwele_Baridi
Mzee shikamoo, na asante. Hapa nimeshtuka. Katika kisanduku changu nikeli ni atomu 8,000 kamili. Sehemu moja ya kumi ya asilimia ni atomu 16 tu!

#19 Mzee wa Tanuru
Marahaba. Ndiyo. Na aliyetumia kisanduku cha seli kumi kila upande, atomu 2,000, kwake ni atomu mbili. Badilisha hizo 16 uone, ni jaribio zuri. Lakini usiziweke zote pamoja, zitawanye.

#20 NanosekundeMoja
Mzee, lakini yeye yuko 50 kamili. Mchanganyiko hauwezi kueleza 245, labda ueleze 333 ya maabara kuwa chini kuliko inavyostahili. Ina maana pengo letu ni kubwa kuliko tulivyodhani!

#21 Mzee wa Tanuru
Hujakosea. Sikusema nimetatua.

#22 Fuwele_Baridi
Nimerudi na matokeo ya tri. Da binti_Eldoret, OVITO ilionyesha mapacha manne kwenye kazi ya zamani, kama ulivyosema. Kwenye mpya hakuna hata pacha mmoja, fuwele nzima imelala upande mmoja. Lakini oneni: inageuka 262, inarudi 470. Pengo limekuwa 208! Nimesahihisha kosa na hali imezidi kuwa mbaya.

#23 Ukindu
Haijawa mbaya, imekuwa wazi. Mara ya kwanza mipaka ya mapacha ilikuwa mlango wa kurudia: ostenaiti ilianzia pale kwenye mshono. Sasa hakuna mshono. Mkeka mmoja mkubwa umelala wote na hakuna ukindu wa kuanza kusimama.

#24 KomaKelvini
Na katikati sasa ni 366. Jana ilikuwa 337.5. Potensho ni ileile, atomu ni zilezile. Joto la usawa ni mali ya fazi, haliwezi kubadilika kwa sababu umebadilisha neno kwenye barostati. Mpwa wa Archimedes, unasemaje?

#25 Mpwa wa Archimedes
Nasema mapacha yana nishati yake. Mipaka minne ndani ya kisanduku cha nanomita 6 ni mzigo mkubwa, martensaiti ya kwanza ilikuwa ghali zaidi kwa hiyo usawa wake ukashuka. 366 ndiyo ya fuwele safi. Katikati bado inasimama.

#26 KomaKelvini
Kila namba ikija una mahali pa kuiweka. Hilo linanitia wasiwasi zaidi.

#27 Jedwali la 22
Naomba mnisikilize mimi wa upande wa elektroni. Mnagombania barostati wakati msingi wenyewe una ufa. Mwaka 2003 Huang, Ackland na Rabe walipiga hesabu za kwanta kwenye kelvini sifuri wakakuta B19' siyo ya chini kabisa. Chini yake kuna fuwele nyingine, B33, yenye pembe ya karibu 107. Na B33 ina ulinganifu mkubwa kiasi kwamba kwa hoja yao haiwezi kuhifadhi kumbukumbu ya umbo. Yaani mfano wa dada wa mkeka unavunjika: ukilala hivyo, kuna namna zaidi ya moja ya kusimama. Walipendekeza kuwa mikazo iliyobaki ndani ya chuma ndiyo inayoishikilia B19'.

Hesabu hizohizo zinaonyesha B2 yenyewe si imara kwenye sifuri. Inasimama kwa sababu ya joto, kwa entropia, yaani wingi wa namna ambazo atomu zinaweza kutetemeka. Mleta uzi, pima pembe yako. Usituambie "martensaiti", tuambie nyuzi ngapi.

#28 Fuwele_Baridi
Nimepima. Kelvini 100, kazi ya tri: 101.

#29 Jedwali la 22
Si 98, si 107. Umesimama njia panda. Aliyetengeneza potensho yako aliilinganisha na nini: vipimo vya maabara au hesabu za elektroni? Zile za familia ya Lai na Liu ya 2000, waliyoitumia pia Mutter na Nielaba 2010, zina tabia zake. Ile ya Ko, Grabowski na Neugebauer ya 2015 ilitengenezwa kwa makusudi ya mabadiliko haya ya joto. Ukibadilisha potensho, kila namba iliyobishaniwa humu inahama.

#30 binti_Eldoret
Na zile za kujifunza kwa mashine?

#31 Jedwali la 22
Zinakaribia hesabu za elektroni sana, tangu Behler na Parrinello walipoonyesha njia 2007 zimepiga hatua. Lakini mwanafunzi hurithi makosa ya mwalimu. Kama hesabu ya elektroni inasema B33 iko chini, potensho iliyofundishwa nayo itasema hivyohivyo, kwa uaminifu kabisa.

#32 Mhunzi wa Gerezani
Jamani, nirudi kwenye miwani. Nilichomelea bawaba ya fremu ya namna hiyo, mteja alinisihi. Kwanza risasi ya kuchomelea ilikataa kushika. Nilipozidisha moto ikashika, lakini palipopata moto pamekuwa laini na hapakumbuki tena, panakaa ulivyopakunja. Niliua kumbukumbu?

#33 Mzee wa Tanuru
Risasi haikushika kwa sababu ya ngozi ya oksidi ya titani. Na ndiyo, ulibadilisha kitu. Waya umevutwa kwa nguvu kiwandani, ndani umejaa dislokesheni zinazoufanya mgumu, kisha umepashwa karibu nyuzi 500 ukiwa umefungwa kwenye umbo linalotakiwa. Hapo ndipo umbo "huandikwa". Moto wako ulipita hapo, dislokesheni zikafutika, chuma kikawa laini, na ukikikunja kinateleza kabisa badala ya kulala na kusimama. Ukindu umekatika. Mpe mteja fremu nyingine, hiyo hairudi.

#34 Mhunzi wa Gerezani
Nimekusoma mzee. Nitamtafuta nimwambie ukweli.

#35 Daktari wa Waya
Hapo #33 pamenigusa. Kumbe kasoro ndani ya waya ndizo zinazoulinda? Kwenye uigaji wenu mnasema hazimo kabisa.

#36 KomaKelvini
Umeona alichokiona daktari? Ndicho nilichosema kwenye #10.

#37 Mvuvi wa Data
Hii teknolojia si iligunduliwa na NASA wakati wa safari za mwezini?

#38 Ukindu
Hapana. Ni maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, Naval Ordnance Laboratory, Maryland. William Buehler alikuwa akitafuta aloi ya ncha ya kombora. Jina Nitinol ni nikeli, titani na herufi za maabara hiyo. Mwaka 1961 kipande kilichokunjwa kama akodioni kilipitishwa mezani kwenye mkutano, David Muzzey akakisogezea kiwashio chake cha kiko, kikajinyoosha mbele yao. NASA ilikuja baadaye, na imetengeneza matairi ya wavu wa waya huu.

#39 Mzee wa Tanuru
Sahihi, ila msidhani habari ilianzia hapo. Arne Ölander aliona tabia hii kwenye dhahabu na kadmi 1932, na Chang na Read wakaieleza fuwele yake 1951. Nikeli-titani ilishinda kwa sababu inavumilia: unaivuta hadi karibu asilimia 8 ya urefu wake na inarudi.

#40 Mwana wa Mombasa
Nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu jana. Mimi nilikata uso kwenye kisanduku, nikakifanya waya mwembamba wa nanomita 8, potensho tofauti na ya kwenu. Kurudi kulishuka kutoka 440 hadi 365. Niliruka kwa furaha nikidhani nimetibu pengo. Kumbe kwenda nako kulishuka, kutoka 250 hadi 210. Uso ulisaidia kuanza, lakini uso huohuo unapenda ostenaiti. Kwa hiyo #10 yuko sawa nusu: pa kuanzia panapunguza pengo, ila panakuja na bei yake.

#41 NanosekundeMoja
Na kwenye vitu vidogo hilo linajulikana hata maabara. Punje zikishuka chini ya nanomita 50 au 60, B19' inakataa kutokea. Kisanduku chetu cha nanomita 6 kinajifanya hakina mwisho, lakini mawimbi yaliyo marefu kuliko nanomita 6 hayamo ndani yake.

#42 Fuwele_Baridi
Nimejaribu atomu 16 za mzee, nimezitawanya. Kugeuka kumeshuka kutoka 262 hadi 251. Kelvini 11! Kwa mara ya kwanza kisanduku changu kinafanana na tanuru.

#43 Mzee wa Tanuru
Hapo umenipa raha. Rudia kwa mitawanyo mingine mitano kabla hujaiandika. Atomu 16 ni chache, bahati inaweza kukudanganya.

#44 Jedwali la 22
Naunga mkono. Na angalia: *tofauti* imetoka sawa hata kama *namba yenyewe* si sawa. Mimi ningeijenga tasnifu juu ya tofauti.

#45 KomaKelvini
Mimi ningeijenga juu ya usawa. Acha kupoza na kupasha. Chukua kisanduku kirefu, nusu ya kushoto iwe ostenaiti, nusu ya kulia martensaiti, na mpaka wa fazi hizo mbili uwe katikati. Shikilia joto moja. Mpaka ukisogea kulia, uko juu ya usawa. Ukisogea kushoto, uko chini. Hakuna cha kuanzisha kwa kuwa zote zimeshaanza.

#46 binti_Eldoret
Hiyo itataka kisanduku kikubwa, kwenye laptopu hatamaliza. Ndugu, omba muda kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) ya Lengau iliyoko CHPC, kituo cha kompyuta kubwa cha Cape Town. Lengau ni duma kwa Kitswana, na inastahili jina. Msimamizi wako ndiye anayejaza maombi. Na hifadhi faili za kuanzia upya kila hatua 50,000. Umeme wa huku kwetu mnaujua.

#47 Fuwele_Baridi
Wakuu, nilianza na kisanduku cha atomu 64,000 kwenye mashine ya idara wakati msimamizi anajaza maombi. Kelvini 366, ile katikati ya Mpwa wa Archimedes: mpaka unasogea, ostenaiti inakula martensaiti. Kelvini 300: martensaiti inakula ostenaiti. Kelvini 330: umesimama kimya nanosekunde nzima.

#48 Mpwa wa Archimedes
330! Basi 366 yangu imekufa na 337.5 yangu imefufuka.

#49 KomaKelvini
Taratibu. Mpaka uliosimama si lazima uwe kwenye usawa. Unaweza kuwa umekwama. Jaribu 315 na 345.

#50 Fuwele_Baridi
Nimejaribu. Umesimama 315. Umesimama 345 pia.

#51 binti_Eldoret
Mpaka uliupanga kwa bapa gani la fuwele?

#52 Fuwele_Baridi
Bapa la uso wa seli, kwa sababu ndilo lililolingana na kisanduku.

#53 binti_Eldoret
Hapo ndipo ulipokwama. Katika nikeli-titani bapa ambalo fazi mbili hukutana bila kusumbuana halina namba kamili, yaani halilali sawasawa na safu za atomu, na upande wa martensaiti lazima uwe na mapacha ndani. Wewe umeshonea mkeka uliolala kwenye mkeka uliosimama, pindo haviingiani, mshono unavutwa kila upande.

#54 Ukindu
Ile kazi yako ya kwanza ya aniso iliyokuwa na mapacha manne, bado unayo?

#55 Fuwele_Baridi
Ninayo. Nilitaka kuifuta wiki iliyopita.

#56 Ukindu
Usiifute. Nusu ya kulia ya kisanduku kipya, ile ya martensaiti, ichukue kutoka humo.

#57 Fuwele_Baridi
Nimeshaipandisha, inazunguka sasa hivi. Umeme ukikaa, nitarudi hapa Jumapili na picha.